Mwafaka wa siku arobaini: NRA, akina Okello na meza ya Nairobi, 1985–86

Mlinzi wa Mutukula (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani ikitajwa NRA, jeshi la waasi la Yoweri Museveni kule Uganda, na vita vyao vya msitu wa Luwero, mjadala unaishia kambi ya jeshi ya Kabamba, tarehe 6 Februari 1981, na zile bunduki 27 walizoanza nazo. Ni hadithi tamu, imesimuliwa mpaka imechuja. Naomba leo tukae kwenye miezi sita ya mwisho, Julai 1985 hadi Januari 1986. Hapo ndipo NRA walipoacha kuwa watu wa kuvizia malori wakaanza kutawala. Hapo ndipo uliposainiwa mwafaka wa Nairobi mbele ya Rais Moi, tarehe 17 Desemba 1985. Tarehe 26 Januari 1986 Kampala ikawa mikononi mwa NRA. Siku arobaini kamili.

Maelezo ya kawaida ni mawili na yote yananichosha. Wapo wanaosema Museveni aliwazuga wazee wa watu, akawakalisha Nairobi wanywe chai huku vijana wake wakisogea. Wapo wanaosema serikali ya Okello ilikuwa ya wauaji, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine. Wote wanaitazama meza tu. Mimi nasema tazama barabara ya Masaka–Kampala, utaielewa meza.

Turudi nyuma kidogo. Desemba 1983 Oyite Ojok, mnadhimu mkuu wa jeshi la Rais Obote (UNLA), alikufa katika ajali ya helikopta. Huyu ndiye aliyekuwa ameishikilia ile vita ya Luwero kwa mkono wa chuma. Obote akakaa na nafasi ile miezi mingi bila mtu, halafu 1984 akampa Smith Opon Acak, mtu wa kabila lake la Lango, akiwaruka maofisa wa kabila la Acholi waliomtangulia. Sasa fikiria wewe ni ofisa wa Kiacholi. Vijana wako ndio wengi mstari wa mbele, wanakufa Luwero, na vyeo vinakwenda kwa wengine. Kilichofuata hakikuhitaji mganga wa kupiga ramli: tarehe 27 Julai 1985 Brigedia Bazilio Olara-Okello aliingia Kampala, Obote akakimbia nchi, amepinduliwa na jeshi kwa mara ya pili katika maisha yake. Jenerali Tito Okello Lutwa akawekwa kuwa mkuu wa nchi.

Mzee Tito si mgeni kwetu. Alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, enzi za mkoloni, na mwaka 1979 ndiye aliyekuwa mbele ya Kikosi Maalum kilichopigana bega kwa bega na JWTZ kumtoa Amin. Kiswahili chake cha jeshi kilikuwa kile kile wanachozungumza wazee wetu waliopita kambi hizo.

Siku ya mapinduzi Museveni alikuwa Sweden. NRA haikuwa na mpango wowote na Bazilio. Lakini ilikuwa na kitu ambacho mwaka mmoja nyuma haikuwa nacho: magharibi. Mwanzoni mwa 1985 Luwero ilikuwa imeshakamuliwa. Raia waliowalisha wapiganaji walikuwa wameuawa au wamefagiliwa kupelekwa makambini, na msitu bila wanakijiji ni miti tu. Wakaamua kugawa jeshi. Kamanda wao Salim Saleh alivamia Kabamba tarehe 1 Januari 1985 akatoka na silaha nyingi kuliko walizowahi kuzipata huko. Fred Rwigyema akaongoza kundi la pili, wakiwemo majeruhi na raia, kuelekea Rwenzori. Kufikia Julai Fort Portal ilikuwa yao.

Kwa hiyo mapinduzi yalipotokea, NRA ilikuwa na mji, ina milima mgongoni, ina mpaka na Zaire. Serikali mpya Kampala ikatoa wito: waasi wote njooni tutawale pamoja. Wengine wote walikwenda. UFM ya Andrew Kayiira ilikwenda. FEDEMU ilikwenda. UNRF ya Moses Ali na FUNA, yaani mabaki ya jeshi la Amin kutoka West Nile, nao walikwenda. Chama cha DP kikaingia, Paul Ssemogerere akapewa Mambo ya Ndani. Waziri mkuu wa kwanza wa serikali hiyo? Paulo Muwanga, yule yule aliyejipa mamlaka ya kutangaza matokeo ya uchaguzi wa Desemba 1980, jambo lililowapeleka watu msituni. Akaondolewa Agosti, lakini Museveni alikuwa ameshapata sababu ya kubaki nje.

Naendelea chini, nakula kwanza.

Jicho la Kibra

Nimeweka kiti. Lakini mkuu, usiseme tu "walikwenda" kama vile walikuwa wajinga. Ukiwa na watu mia chache na unapewa kiti cha uwaziri bila kufa, utakataa?

Mlinzi wa Mutukula

Hapana, hawakuwa wajinga, na ndiyo maana nawataja. Kundi dogo likiona mlango umefunguka linakimbilia ndani kabla haujafungwa, kwa sababu nje halina ardhi. NRA ilikuwa na ardhi. Tofauti yote iko hapo. Kayiira angesubiri nini, na angesubiria wapi?

Sasa tazama walichofanya na ardhi hiyo. Kati ya Agosti na Desemba, upande wote wa magharibi na kusini-magharibi ulikatwa kutoka Kampala. Wakaunda utawala wa muda makao yake Fort Portal. Wakaeneza yale mabaraza ya RC waliyoyaanza Luwero: kijiji kinakaa, kinachagua watu wake, RC1, kisha unapanda ngazi hadi wilaya. Kwa mwanakijiji wa Toro au Ankole aliyezoea chifu wa kuteuliwa na askari wa kizuizi anayetaka saa yako ya mkononi, hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Askari wao akiiba kuku anaadhibiwa mbele ya mwenye kuku. Akiua raia anapigwa risasi. Kanuni za nidhamu zilikuwa zimeandikwa, na zilitekelezwa hadharani ili watu waone.

Sisemi walikuwa malaika. Walikuwa na watoto, wale kadogo, wamebeba bunduki ndefu kuwazidi. Nasema tu kwamba raia alikuwa na cha kulinganisha, na huo ulinganisho ulikuwa silaha.

Kijeshi, walikaa mto Katonga, kwenye barabara ya kwenda Kampala, na nyuma yao wakazizingira kambi za Masaka na Mbarara. Hawakuzivamia kwa pupa. Waliziba njia wakaacha njaa ifanye kazi. Askari wa UNLA ndani ya Masaka walikuwa na silaha za kutosha, hawana chakula wala msaada, na kila jaribio la kuwafikia kutoka Kampala lilikwama Katonga. Masaka ikasalimu amri tarehe 10 Desemba.

Angalieni tarehe hizo tena. Masaka, 10 Desemba. Saini ya Nairobi, 17 Desemba.

Mzee wa Kilindini

Mwanangu umeandika vizuri. Mimi nilikuwa mtu mzima wakati huo. Sisi huku Kenya mazungumzo yale yalituchosha. Agosti yameanza, Septemba yameahirishwa, Oktoba yamerudi, Novemba watu wametoka nje kwa hasira. Redio haikuwa na habari nyingine. Moi aliyafanya yake mwenyewe, alikaa kitini kama mwenyekiti, hakumwachia waziri. Alikuwa na haja nayo: bidhaa za Uganda zinapita bandari yetu Mombasa, na vita vya jirani huleta wakimbizi na bunduki. Alitaka kuonekana mpatanishi wa Afrika pia, tusifichane.

Niulize: hivi mwafaka wenyewe ulisema nini hasa? Maana tulishangilia saini, hatukusoma karatasi.

Mlinzi wa Mutukula

Shikamoo mzee. Hapo ndipo penye utamu.

Tito Okello abaki mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi, yaani mkuu wa nchi. Museveni awe makamu. Viti vya baraza vigawanywe, UNLA na NRA wakipata sawasawa, saba kwa saba, na makundi madogo yapate yao. Jeshi jipya liwe la watu 8,480: UNLA 3,700, NRA 3,580, na yale makundi mengine manne jumla 1,200. Mapigano yasimame ndani ya saa 48. Kampala iondolewe majeshi yote. Na wasimamizi watoke Kenya, Tanzania, Uingereza na Canada.

Ukiusoma juu juu ni mkataba wa haki. Soma kama mpiganaji sasa.

Kampala wakati ule ilikuwa imegawanywa kama pilau ya harusi: kilima hiki UNLA, kile FUNA, mtaa ule FEDEMU, mwingine UFM, kila kundi na vizuizi vyake na uporaji wake. Mkataba unasema wote hao watoke mjini. Nani atawatoa? Serikali ya Okello haikuwa na uwezo wa kuwaamuru hata askari wake. Yale mauaji yaliyoendelea mjini baada ya saini hayakutokana na amri ya Tito, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo lenyewe: kusingekuwa na amri ya Tito ambayo ingeyazuia. Wasimamizi wa nchi nne ndio walitakiwa wajaze pengo hilo, na hawakufika. Hakuna aliyekuwa tayari kupeleka wanajeshi wake kusimama kati ya makundi matano yenye bunduki ili kuulinda mkataba wa watu wengine.

Kwa hiyo Museveni aende Kampala kukaa kiti cha makamu mwenyekiti, akilindwa na nani? Hakwenda. Wanaomlaumu kwa hilo huwa siwaelewi, ingekuwa ni kwenda kujichimbia kaburi.

Lakini pia nisiwape NRA cheti cha utakatifu. Walikuwa na tatizo moja kubwa kati ya Septemba na Desemba: vijana walikuwa wanamiminika kujiunga kuliko walivyoweza kuwafundisha. Mtu wa wiki mbili ukimpeleka vitani unampoteza na unapoteza bunduki. Walihitaji muda. Kila wiki ya mazungumzo Nairobi ilikuwa wiki ya kwata, ya kulenga shabaha na ya mchakamchaka huko Magharibi, na kwa askari wa UNLA ndani ya Mbarara ilikuwa wiki nyingine ya njaa. Okello alikwenda Nairobi kutafuta karatasi itakayowafanya wafadhili na majirani wamtambue. NRA walikwenda kutafuta siku. Kila mmoja alipata alichokwenda kutafuta.

Tarehe 17 Januari 1986 wakaanza kusonga. Siku tisa baadaye Kampala imekwisha. Tarehe 29 Museveni akaapishwa kwenye ngazi za Bunge, akasema haya si mabadiliko ya zamu ya walinzi bali mabadiliko ya msingi.

Chizi Maarifa

Nyuzi za Museveni nazo kama utawala wake, ukifika ukurasa wa mwisho unaambiwa kuna sehemu ya pili.

Jicho la Kibra

😂😂 Huyu apewe muhula mwingine.

Mkuu swali la kweli: hapo Tanzania ilikuwa wapi? Nyerere alikuwa amemrudisha Obote, sivyo?

Mlinzi wa Mutukula

Mazungumzo yalianza Nyerere akiwa Ikulu yakaisha Mwinyi akiwa rais, maana Mwalimu alikabidhi Novemba 1985. Sisi wakati huo tulikuwa na njaa zetu: madeni ya vita vya 1978–79, maduka matupu, masharti ya IMF mlangoni. Mwalimu alikuwa rafiki wa Obote tangu zamani, hilo halina ubishi. Lakini Museveni naye alikuwa mtu wa Dar. Alisoma Chuo Kikuu pale Mlimani akamaliza 1970, akaanzisha kundi lake la wapiganaji, FRONASA, akiwa huku, vijana wake wakapata mafunzo na FRELIMO, na 1979 wakaingia Uganda na JWTZ upande wa Mbarara. Kwa hiyo pande zote za meza ya Nairobi zilikuwa zimepitia mikononi mwetu. Mkutano wa Moshi wa Machi 1979 ulikuwa umewakalisha Waganda wa kila rangi kwenye ukumbi mmoja, na serikali iliyotoka hapo, ya Yusuf Lule, ilidumu siku 68 tu. Lule huyo huyo ndiye baadaye akaunganisha kundi lake na la Museveni, Juni 1981, ndipo ikazaliwa NRM/NRA. Alifariki London Januari 1985, mwaka mmoja tu kabla ya ushindi.

Nadhani kumbukumbu ya Moshi ndiyo iliyomfanya Museveni aogope serikali ya mseto kuliko risasi. Aliona kwa macho yake: makundi mengi, kila moja na bunduki zake, rais hana hata kikosi kimoja cha kumtii. Mwafaka wa Nairobi ulikuwa unarudia jambo lile lile.

Lapwony

Nimesoma kimya kutoka Gulu. Mleta mada unaandika vizuri ila una ugonjwa wa watu wote wanaoandika historia hii wakiwa kusini: kwenu vita viliisha tarehe 26 Januari. Hata humu umeandika "miezi sita ya mwisho". Mwisho wa nani?

Kwetu vita vilianza mwaka huo. Nakusaidia tarehe. Machi 1986 NRA wakaingia Gulu. Wiki za mwanzo walikuwa na nidhamu kweli, wazee wetu wanakiri. Wale askari wa UNLA walikuwa wamerudi nyumbani, wengine wamefukia bunduki, wengine wamezitupa, wanalima. Vita vingeweza kuisha hapo. Halafu mwezi Mei serikali ikatangaza kwenye redio kwamba waliokuwa askari wote wasalimishe silaha na waende kuripoti. Wewe kama mwanahistoria unajua Mwacholi akisikia "askari ripotini kambini" anakumbuka nini. Mwaka 1971 Amin aliwaita hivyo hivyo askari wa Kiacholi na Kilango, wakauawa kambini. Sasa nani angekwenda?

Na aliyetumwa kusimamia zoezi Kitgum ni nani? Kikosi kilichojaa waliokuwa FEDEMU. Watu wa Buganda, walioona jamaa zao wakichinjwa Luwero na UNLA. Umewapeleka wenye kisasi kwenye kijiji cha waliowafanyia. Yaliyotokea Namokora Agosti 1986 kila mtu huku anayajua.

Mwezi huo huo wa Agosti UPDA, waasi waliotokana na hao askari wa UNLA, wakavuka kutoka Sudan. Halafu waasi wa Alice Lakwena. Halafu wa Kony. Miaka ishirini. Watu zaidi ya milioni moja kambini. Kwa hiyo nikikusikia unasifu namna walivyozingira Masaka kwa akili, nakuuliza: hao wenye akili walikuwa wapi Mei 1986?

Mzee wa Kilindini

Hapo pana neno. Mleta mada jibu, usikimbie.

Mlinzi wa Mutukula

Sikimbii, mzee. Na Lapwony, asante, kwa sababu umenisogeza kwenye kile nilichokuwa nataka kukifikia.

Mwafaka wa Nairobi ulikuwa na kifungu kimoja ambacho hakuna aliyekilia ulipokufa: askari 3,700 wa UNLA kubaki jeshini. Kilikuwa kifungu kibaya kwa mtazamo wa mtu wa Luwero, kwa sababu miongoni mwao walikuwemo wauaji. Lakini kilimpa askari wa Kiacholi jibu la swali lake: kesho nitakuwa nani? Ushindi wa kijeshi ulipokifuta kifungu hicho haukuweka kingine mahali pake. Serikali ya Fort Portal ilikuwa imefikiria kila kitu kuhusu mwanakijiji wa magharibi, mabaraza yake, kuku wake, kesi zake. Kuhusu askari aliyeshindwa wa kaskazini ilikuwa na tangazo la redio.

Naona ndivyo mshindi wa peke yake anavyoumia. Anayeingia mji mkuu kwa mkataba analazimika kumfikiria adui kabla, kwa sababu adui amekaa mbele yake na anadai. Anayeingia kwa bunduki humfikiria adui baadaye, akipata nafasi. NRA walikuja kumfikiria tarehe 3 Juni 1988, walipokaa na UPDA uwanja wa Pece hapo kwenu Gulu, wakasaini, maofisa wa UPDA wakaingizwa jeshini na wengine wakapewa kazi. Ulifanya kazi kwa waliosaini. Lakini miaka miwili ilikuwa imepita, ng'ombe wa Acholi na Teso walikuwa wameshaswagwa na Wakaramoja huku serikali ikitazama, na waliokataa kusaini wakamfuata Kony.

Masharti ya Pece yangeweza kutolewa Machi 1986. Hapo sina utetezi kwao.

Lapwony

Umejibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila "serikali ikitazama" ni maneno ya upole. Huku wapo wanaosema haikutazama tu.

Mlinzi wa Mutukula

Nimekusoma. Sitakubishia nyumbani kwako.

Mwana Buyenzi

Salamu kutoka Bujumbura. Ndugu zangu, niwaletee upande wa pili, maana sisi tulipitia njia ambayo Uganda iliikataa.

Kwetu mkataba wa Arusha ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000, Mwalimu ameshafariki, Mandela ameshika usukani. Waasi wakubwa, CNDD-FDD na FNL, hawakusaini, kwa hiyo tulikuwa na amani ya karatasi na mizinga inapiga Buja kutoka vilimani. Kipindi cha mpito kikaanza Novemba 2001, Buyoya akawa rais miezi 18, Ndayizeye miezi 18 iliyofuata. CNDD-FDD wakaendelea kupigana huku wakizungumza, kama hao NRA wenu tu. Wakati wao ulipofika wakasaini Pretoria, Oktoba na Novemba 2003, kisha mkataba wa jumla Dar es Salaam tarehe 16 Novemba mwaka huo.

Tofauti iko kwenye walichodai. Hawakudai Bujumbura, walidai jeshi: asilimia 40 ya maofisa. Mkataba ukasema hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Sisi tulioishi ule mji wa makabila kutengana, Kamenge huku Ngagara kule, tulipoona Mhutu na Mtutsi wamevaa sare moja wanapiga doria pamoja, wengi hatukuamini. Watu wa Buyenzi tulikuwa tumezoea kuishi mchanganyiko, lakini jeshi? Jeshi ndilo lililotuua 1972.

Kiongozi wao Nkurunziza akaingia serikali ya mpito kama waziri, wakajigeuza chama, uchaguzi wa 2005 wakashinda kwa kura. Hawakuvamia Ikulu hata siku moja. FNL ya Rwasa ikachelewa, wakasaini Dar Septemba 2006 wakiwa dhaifu, wakapata kidogo.

Mleta mada, unaona? Inawezekana kushinda kwa mkataba.

Jicho la Kibra

Mwana Buyenzi, na 2015 je? Mkataba uliwaweka wapi?

Mwana Buyenzi

Najua ungeuliza. 2015 Nkurunziza alitaka muhula wa tatu, na Arusha ilisema miwili. Jeshi likagawanyika wakati wa jaribio la mapinduzi mwezi Mei, lakini angalia lilivyogawanyika: halikugawanyika kwa kabila. Waliojaribu kupindua na waliozuia walikuwemo Wahutu na Watutsi pande zote mbili. Generali aliyeongoza jaribio alikuwa mtu wa CNDD-FDD mwenyewe. Kwa mtu aliyeona mauaji ya kikabila ya 1993, hilo si dogo. Sitaki kusema zaidi, niko ndani ya nchi.

Mlinzi wa Mutukula

Kaa salama, ndugu yangu. Hoja yako ni nzito na inanilazimisha kufafanua.

CNDD-FDD wangeweza kudai jeshi kwa sababu mbili ambazo Nairobi hazikuwepo. Kwanza, upande wa pili palikuwa na jeshi kweli. Jeshi la Burundi lilikuwa na amri: Buyoya akisaini, kambi zinatii, zikinung'unika. Tito Okello akisaini, vizuizi vya Kampala havikuwa na habari. Huwezi kugawana jeshi ambalo halipo. Pili, ninyi mlikuwa na wadhamini waliobaki. Afrika Kusini ilipeleka askari wake Bujumbura kulinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni, halafu kikaja kikosi cha Umoja wa Afrika, halafu Umoja wa Mataifa. Moi alikuwa na meza na kalamu tu.

Kwa hiyo nikiulizwa mwafaka wa Nairobi ulikufa kwa nini, jibu langu ni kwamba ulisainiwa na mtu mmoja mwenye jeshi na mwingine mwenye cheo, bila wa tatu wa kusimama katikati.

Bibi wa Bukoba

Samahani wanangu, mimi nauliza jambo moja dogo. Wale wengine walioingia serikali ya Okello, wakina Kayiira, walipata nini mwishoni? Kuna mwanafunzi ananiuliza na sina jibu fupi.

Mlinzi wa Mutukula

Shikamoo mama. Jibu fupi halipo ila nitajitahidi.

Museveni aliwachukua karibu wote kwenye serikali aliyoiita ya msingi mpana. Ssemogerere aliendelea kuwa waziri, baadaye akapewa Mambo ya Nje. Moses Ali akaleta wapiganaji wake wa UNRF jeshini akawa waziri, akakamatwa 1990, akatoka, akarudi serikalini na akakaa miaka mingi. Kayiira akapewa uwaziri wa nishati, Oktoba 1986 akakamatwa kwa tuhuma za uhaini, akaachiwa, Machi 1987 akapigwa risasi akauawa Kampala. Mpaka leo Buganda watu wanabishana ni nani. FEDEMU wakamezwa jeshini, na Lapwony ameshatueleza baadhi yao walipelekwa wapi.

Tito Okello mwenyewe alikimbia, akaishi uhamishoni, akarejea Uganda 1993 kwa msamaha na akafia Kampala 1996. Mwanawe, Henry Okello Oryem, amekuwa naibu waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Museveni kwa miaka mingi. Bazilio alifia Khartoum 1990.

Na Rwigyema, yule aliyeongoza watu kwenda Rwenzori, alifika hadi unaibu waziri wa ulinzi wa Uganda. Tarehe 1 Oktoba 1990 akavuka mpaka kwenda Rwanda na maelfu ya waliokuwa askari wa NRA, akafa siku ya pili yake. RPF, hao wapiganaji wake wa Kinyarwanda, walikuja na somo lote la 1985: shika eneo, zungumza Arusha, usivunje jeshi lako wakati unazungumza. Hiyo nayo inastahili uzi wake.

Bibi wa Bukoba

Marahaba baba. Ubarikiwe.

Chizi Maarifa

Sasa acha utani kidogo. Waliposhika nchi walisema watakaa miaka mingapi?

Mlinzi wa Mutukula

Minne. Iliandikwa kwenye Tangazo la Kisheria Namba 1 la 1986: baraza la NRC ndilo bunge, mpito ni miaka minne. Oktoba 1989 NRC ikajiongezea mitano. Tume ya Jaji Odoki ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni ya katiba, na kazi ile ilifanywa kwa bidii, watu wa vijijini walisikilizwa kweli. Bunge la Katiba likachaguliwa Machi 1994, katiba ikatangazwa tarehe 8 Oktoba 1995, uchaguzi wa rais ukafanyika Mei 1996, lakini vyama haviruhusiwi kusimamisha wagombea. Ssemogerere akashindwa vibaya. Katiba hiyo iliweka ukomo wa mihula miwili, ukaondolewa 2005, mwaka ule ule vyama viliporuhusiwa. Ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais ukaondolewa 2017.

Kama mwafaka wa Nairobi ungetekelezwa, mpito ungekuwa na wenye viti saba upande mmoja na saba upande mwingine, na kuongeza miaka mitano kungehitaji ridhaa ya mtu asiyekupenda.

Lapwony

Au kungehitaji vita vingine.

Mlinzi wa Mutukula

Au hivyo, ndiyo. Nakuja na Rwanda 1990–94 wiki ijayo, nikipata umeme.